Kabla ya kuwekewa wavu wa ngiri: mambo ya kuzingatia

Wavu unaozibia ngiri (utumbo au mafuta yanayochomoza kupitia tundu kwenye misuli ya tumbo au kinena) mara nyingi hufumwa kwa nyuzi za polipropilini, plastiki ambayo mwili hauwezi kuiyeyusha. Ndani ya wiki chache nyama huota kupitia vitundu vyake na kuushika. Baada ya hapo, kuutoa ni kazi ngumu kuliko ilivyokuwa kuuweka, kwa sababu mishipa ya fahamu, na kwa mwanamume hata mrija wa mbegu, huweza kunaswa ndani ya kovu hilohilo. Kwa hiyo maswali yote yaulizwe kabla ya kusaini fomu ya ridhaa.

Anza na hili: wavu unahitajika kweli? Mtoto mwenye ngiri ya kinena hawekewi. Kufunga mfuko wa ngiri kunatosha. Ngiri ya kitovu yenye tundu lisilofika sentimita 1 inaweza kushonwa kwa uzi tu. Kwa mtu mzima mwenye ngiri ya kinena, wavu hupunguza uwezekano wa ngiri kurudi, na hapo tunauunga mkono bila kusita. Lakini aelezwe waziwazi kwamba takriban mgonjwa 1 kati ya 10 hubaki na maumivu yanayozidi miezi 3, awekewe wavu au asiwekewe.

Uliza utawekewa wavu wa aina gani. Unaofaa kinena ni wa uzi mmojammoja usiosokotwa, wenye vitundu vinavyozidi milimita 1. Bakteria ana upana wa karibu maikromita 1 (sehemu moja ya elfu ya milimita), hivyo hujificha katikati ya nyuzi zilizosokotwa, mahali ambapo chembe za kinga, zenye ukubwa unaozidi maikromita 10, haziwezi kumfuata. Ukubwa nao usipuuzwe. Upasuaji wa wazi wa kinena kwa kawaida hutumia wavu wa sentimita 7.5 kwa 15, na upasuaji wa kamera kupitia matundu madogo hutumia wavu usiopungua 10 kwa 15. Kovu likikaza, wavu hujikunja na kupungua. Ukikatwa mdogo mno, ngiri hutokea tena pembeni mwake. Kwa ngiri ya tumbo, hakikisha polipropilini tupu haitagusana na utumbo, maana hushikamana nao na huweza kuutoboa. Ikibidi wavu ukae ndani ya tumbo, upande unaotazama utumbo uwe na utando maalumu wa kuzuia hilo.

Maandalizi ya mwili huanza mapema. Acha sigara angalau wiki 4 kabla, kwani moshi hupunguza oksijeni kwenye jeraha. Mwenye kisukari apime wastani wa sukari wa miezi 3 (kipimo cha HbA1c). Ukizidi asilimia 8, upasuaji usio wa dharura ni bora usubiri. Jipu, kidonda au fangasi karibu na eneo vitibiwe kwanza. Dawa za kuzuia damu kuganda usiziache kwa uamuzi wako. Daktari ndiye apange siku ya kusimamisha na ya kurudia. Usinyoe nyumbani kwa wembe, maana michubuko midogo hukaribisha vijidudu. Oga kwa sabuni, acha chakula saa 6 kabla na maji saa 2 kabla, isipokuwa umeelekezwa vingine.

Omba kibandiko cha pakiti ya wavu, chenye jina la kifaa na namba ya toleo, kihifadhiwe kwenye faili lako na nakala ubaki nayo. Mtengenezaji akitangaza kasoro, ni namba hiyo itakayoonyesha kama inakuhusu. Polipropilini haizuii kupigwa picha ya MRI, inayotumia sumaku yenye nguvu, ila taja kama wavu ulishikizwa kwa vibanio vya chuma.

Uvimbe laini wa majimaji wiki za mwanzo ni wa kawaida na mara nyingi huisha wenyewe. Usikubali uchomwe sindano ovyo, kwani sindano yaweza kupeleka maambukizi kwenye wavu. Homa, wekundu unaosambaa au usaha, hata miaka baadaye, ni sababu ya kurudi hospitali haraka. Na kabla ya siku ya upasuaji, ngiri ikikataa kurudi ndani, ikauma sana na ukaanza kutapika, nenda saa hiyohiyo.