Kununua TV dukani Darajani bila kutupa pesa, hatua kwa hatua

Juzi kati nimempeleka mamangu mdogo wa Mtambile, Pemba, kununua TV hapa mjini Unguja, nikaona bora niandike kabisa maana kila ikikaribia Idd nnaulizwa yale yale. Watu wengi wanadhani kuokoa pesa ni kupatana bei tu. Kupatana kunakuokolea elfu thelathini, elfu hamsini, lakini kutopima kitu mbele ya muuzaji kunakula TV nzima.

Hatua ya 1: Jua unataka nini
Inchi ngapi, inakaa wapi, na pesa ya ziada ya breketi ya ukutani na gadi ya umeme. Gadi si anasa, umeme wetu unakatika na kurudi kwa kishindo, na ule wa kurudi ndo unaoua vitu. Kwa chumba cha kawaida mimi nasema inchi 43 basi. Na usiongezewe bei kwa kuambiwa "hii ina king'amuzi ndani", chaneli za kulipia zimefungwa, utanunua king'amuzi chao tu.

Hatua ya 2: Uliza bei kwa namba ya modeli
Ukiuliza "TV inchi 43 bei gani" kila duka litakutajia kitu chengine. Kampuni moja, inchi zile zile, moja ni Full HD moja ni 4K yenye picha kali zaidi, moja smati (ya intaneti) moja ya kawaida, kwa macho huzitofautishi. Piga picha stika yenye namba ya modeli, itafute mtandaoni kwenye tovuti ya kampuni yenyewe uone ina nini, halafu zunguka na namba hiyo hiyo, Darajani kisha Mlandege, maduka matatu manne yanatosha. Usitaje bei yako mwanzo. Akigoma kushuka usibishane, mwambie basi nitilie breketi na waya wa HDMI (wa kuungia king'amuzi), hapo wengi wanakubali. Wiki ya mwisho ya Ramadhani usende kabisa kama unaweza kusubiri, maduka yamejaa na hakuna mtu ana haja ya kukupunguzia.

Hatua ya 3: Pima hapo hapo dukani kabla hujatoa pesa
Hapa ndo pa kukaa. Chukua flashi na futi ya kushonea nguo, vitu viwili hivyo vinashinda maneno yote ya muuzaji.

Kwanza uwashiwe ile ile utakayoondoka nayo, si ile iliyotundikwa ukutani. Ya ukutani wameipandisha mwanga na rangi mpaka mwisho, kila kitu kinang'ara. Muuzaji alimwambia mamangu mdogo, "Mama, hii mpya, haifunguliwi mpaka ulipe." Akamjibu kwa upole kabisa, "Mwanangu, mimi narudi Pemba, ikikataa kuwaka kule nimrudie nani?" Akaifungua. Asiyetaka kufungua muage kwa salama, duka la pili halipo mbali.

Ikishatoka kwenye katoni linganisha namba ya modeli na siriyo namba, nyuma ya TV na kwenye katoni, herufi kwa herufi. Hapo hapo soma umeme: iwe inafika 220 mpaka 240V, ikiandikwa 100-240V pia sawa. Hii hasa kwa wanaochukua mtumba, maana vitu vingi vya Japani ni 100V tu na vya Marekani 120V tu, ukichomeka kwetu bila transfoma umekiunguza siku ya kwanza. Mtumba pia angalia skrubu na matundu ya nyuma, ukiona kutu hewa ya chumvi imeshaingia, iache.

Halafu futi. Inchi za TV zinapimwa kona kwa kona, kioo tu bila fremu: 32 ni sentimita 81, 43 ni 109, 55 ni kama 140. Katoni ya kwanza ya mamangu mdogo imeandikwa 43, futi ikasoma 101, yaani ni inchi 40 wanauza kwa bei ya 43. Tukahama duka.

Kwenye flashi weka picha za rangi tupu, nyeupe, nyeusi, nyekundu, buluu, moja moja zijae kioo kizima. Nyeupe inakuonyesha madoa na vivuli, nyeusi inakuonyesha mwanga unaovuja pembeni na doti zisizozimika. Ombeni taa ya juu izimwe au simameni upande wa kiza. Chomeka flashi kila tundu la USB, jaribu kila HDMI, kila kitufe cha rimoti. Kama ni smati iunge na intaneti ya simu yako ufungue YouTube, kuna smati za bei nafuu zenye mfumo wa zamani sana, programu zinakataa kufunguka na hazipati tena masasisho. Iache iwake kama nusu saa, pandisha sauti mpaka juu usikilize kama spika zinakwaruza. Muuzaji atachoka, mwache achoke.

Hatua ya 4: Risiti
Utaambiwa "bila risiti nakupunguzia". Kataa. Taka risiti ya kielektroniki ya ZRA (mamlaka ya mapato Zanzibar) na waranti iandikwe modeli, siriyo namba, tarehe na mhuri. Uliza pia fundi wa waranti yupo Unguja au Dar.

Ukinunua simu pia
Bonyeza *#06#, itatokea IMEI, namba ya utambulisho wa simu, itume kwa meseji kwenda 15090, ujibiwe ni simu ya kampuni gani na modeli gani, ilingane na uliyoshika. Usidharau, TCRA (mamlaka ya mawasiliano) walizima simu feki Juni 2016.

Hatua ya 5: Kusafirisha
TV isimame wima, gari na boti, usiilaze hata kidogo wala usiruhusu mzigo juu yake. Simama mwenyewe bandarini Malindi wakati wa kupakia, na bandari ya Mkoani, Pemba, awepo mtu wa kupokea. Katoni na yale maboya yake meupe ya kuzuia TV isigonge yaweke mpaka waranti iishe, bila hayo TV haiwezi kuvuka tena kurudi kwa fundi ikiwa nzima.