Namna ya kuipima mieleka iliyokukera

Ukikesha kuangalia mieleka ya Marekani halafu ukaondoka na hasira, jiulize kwanza hasira hiyo ni ya nini. Kuna hasira ya mtu wako kushindwa, na kuna hasira ya kuuziwa kitu kibovu. Hapa Kirumba, Mwanza, watu wanazichanganya kila siku, ndiyo maana mabishano hayaishi. Mimi nauza dagaa soko la samaki la Mwaloni, mieleka naipenda tangu utoto, na mtu wangu ni John Cena. Kwenye WrestleMania 41, onyesho kubwa la mwaka la kampuni ya WWE, alishinda, akafikisha mkanda wa 17 wa ubingwa wa dunia na kumpita mkongwe Ric Flair mwenye 16. Nilitoka pale nimenuna. Mdogo wangu akaniuliza, "Dada, si kashinda mtu wako? Sasa unanunia nini?" Haya ninayoyaandika ndiyo jibu nililompa, na ndivyo ninavyopima kila onyesho.

Anza na saa, maana aliyesinzia hawezi kupima kitu. WrestleMania 41 ilipigwa Las Vegas tarehe 19 na 20 Aprili 2025, ikianza saa kumi jioni ya kwao. Mwanza ilikuwa saa nane usiku, kuamkia Jumapili ya Pasaka, na siku ya pili kuamkia Jumatatu ya Pasaka. Wamarekani husogeza saa zao: kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, New York iko nyuma yetu kwa saa saba, miezi mingine ni saa nane. Kwa hiyo onyesho la saa mbili usiku New York kwetu ni saa tisa usiku au saa kumi alfajiri, kutegemea mwezi. Piga hesabu mwenyewe, usiamini tangazo la mtaani. Kula mapema, lala, kisha amka ukiwa na akili yako.

Kama unaangalia kwenye kibanda umiza, muulize mwenye banda mapema kama atafungua, kwa sababu usiku wa manane hakuna mpira wa kumlipia umeme. Siku za mbalamwezi banda hujaa, maana wavuvi wa dagaa wanakuwa nchi kavu. Dagaa hufuata taa, na mwezi ukiwaka taa haiwavuti. Siku za giza vijana wote wako ziwani, basi angalia nyumbani, na bando linunue mchana.

Sasa kuhusu wale wanaosema "hayo ni maigizo tu". Usipoteze muda kubishana nao. Ndiyo, mshindi amepangwa. Lakini mgongo unaotua kwenye ubao unatua kweli, na aliyepanga ana kazi ya kukufanya ujali. Msukuma analielewa hili bila kufundishwa. Kwenye Bulabo, mashindano ya ngoma za Wasukuma pale Bujora, makundi mawili ya wachezaji, Wagika na Wagalu, yanacheza kwa wakati mmoja, na kundi linalovuta watu ndilo limeshinda. Pima mieleka hivyo hivyo: tazama kama kilichofanyika ulingoni kimewashika watu, na kama kimewashika kwa njia ya haki.

Njia ya haki ninaipima kwa kurudi nyuma. Kabla ya onyesho, chukua karatasi uandike waliyokuahidi kwa kila pambano kubwa: nani ana ugomvi na nani, umeanzia wapi, nani mwingine amehusishwa. Mstari mmoja mmoja unatosha. Ukimaliza kuangalia, rudi kwenye karatasi. Hii inakuzuia kulalamikia kitu ambacho hukuahidiwa, na inamzuia mwenye onyesho kukusahaulisha alichokuahidi.

Chukua ahadi ya pambano la Cena na Cody Rhodes, aliyekuwa bingwa wakati huo. Tarehe 1 Machi 2025, Toronto, The Rock, mwanamieleka wa zamani na mwigizaji wa filamu, alimsimamisha Cody ulingoni akamtaka ampe roho yake, yaani awe mtu wake. Cody akakataa. Cena, steringi wetu wa zaidi ya miaka ishirini, akaenda kumkumbatia Cody. The Rock akapitisha kidole shingoni kutoa ishara, na Cena akampiga Cody teke la chini, pale ambapo mwanamume hapigwi. Travis Scott, mwanamuziki, alikuwepo naye akaingia kumpiga. Nakumbuka banda lilivyonyamaza, kisha likalipuka. Kwa hiyo karatasi yangu ilikuwa na maswali matatu: The Rock anataka nini, Cena kauza roho kwa bei gani, na Cody atalipizaje.

Usiku wa pambano lao pale WrestleMania ukafika na The Rock hakuonekana kabisa. Aliyewasha moto hakuja. Badala yake muziki wa Travis Scott ukapigwa, akatembea njia yote hadi ulingoni, akapigwa yeye, na pambano la mwisho la onyesho kubwa kuliko yote ya mwaka likageuka kuwa habari ya mgeni. Kati ya maswali yangu matatu hakuna hata moja lililojibiwa. Hapo ndipo penye kinyongo changu. Ushindi wa Cena niliutamani. Nilichokipata ni mkanda uliofika mikononi mwake kwa kupitia mlango ambao hakuna aliyeujenga.

Lakini kuwa na haki hata ukiwa na hasira: tafuta kilichofanywa vizuri ndani ya kile kibovu. Karibu na mwisho Cody aliushika mkanda, Cena yuko mbele yake, angeweza kumpiga nao kichwani na hakuna ambaye angemlaumu. Mtazame mikono. Anautazama mkanda, anasita, kisha anautupa pembeni kwa sababu yeye si mtu wa hivyo. Cena anampiga tena pale pa chini, anauokota mkanda uleule, anampiga nao, Cody anahesabiwa tatu akiwa amelala na pambano linaisha. Kwa sekunde chache hizo wawili wale walisimulia kila kitu: mmoja bado ana roho, mwingine ameshaiuza. Nikitazama kipande hicho peke yake naridhika. Ndiyo maana inaniuma zaidi, kwa sababu wangeweza kufika pale bila Travis Scott.

Halafu linganisha na pambano jingine la onyesho hilohilo, ili usije ukachukia usaliti wenyewe kama usaliti. Usiku wa kwanza uliishia na Roman Reigns, CM Punk na Seth Rollins. Paul Heyman, ambaye hapigani bali huwasemea wanamieleka, alikuwa mtu wa Reigns kwa miaka, na alikuwa na deni la fadhila kwa Punk, ambalo Punk alilidai kwa kumtaka asimame kwenye kona yake. Kila mtu alikuwa anaangalia Heyman atamchagua nani kati ya wawili. Akawapiga chini wote wawili, akampa ushindi Rollins. Mimi sikuwa na mtu wangu katika watatu hao, na nilisimama kwenye benchi. Usaliti ule ulikuwa na mizizi, unaweza kuufuata wiki kwa wiki mpaka unakotoka. Ukiweka pambano hili kando ya lile la Cena, utaona kwamba yote mawili yaliisha kwa ujanja wa nje, moja likiwa na mizizi na lingine likiwa limetupwa juu ya ardhi kavu.

Kipimo kingine ni sauti ya uwanja. Mtangazaji mpuuze, amelipwa kushangilia. Sikiliza watu waliokaa majukwaani. Kuzomea kunakopanda na kushuka pamoja na vitendo ni dalili nzuri, adui anafanya kazi yake. Ukimya ndio unaohitaji masikio. Mwaka 2014 Brock Lesnar alipomshinda The Undertaker, aliyekuwa hajashindwa WrestleMania hata mara moja katika mapambano 21, uwanja wa New Orleans ulinyamaza kwa sababu watu walikuwa wamepigwa na butwaa. Nyuso zao unaziona, midomo wazi, mikono kichwani. Huo ni ukimya wa watu walioshikwa. Ukimya wa watu waliochoka ni mwingine: wanashika simu, wanazungumza wao kwa wao, kamera inakwepa kuwaonyesha.

Ukishajua kinachokukera, kiseme kwa jina lake. Usiseme "Cena amekwisha" kama tatizo lako ni aliyeandika mwisho. Mwanamieleka analala chini pale anapoambiwa alale. Lawama za hadithi si zake, za utekelezaji ndizo zake. Na mpe muda. Kwenye SummerSlam, onyesho jingine kubwa la WWE, Agosti mwaka huohuo, kule New Jersey, Cena na Cody walirudiana, Cody akauchukua mkanda wake, na lilikuwa pambano la watu wawili kama ambavyo la kwanza lilipaswa kuwa. Aliyesusa mieleka mwezi wa nne alilikosa hilo.

Kwa watoto wanaoangalia nawe, waambie wazi kabla hamjaanza kwamba wale wamefunzwa kuanguka, na godoro la nyumbani si ulingo.

Na kama una mtu anayetaka kuanza kuipenda mieleka, usimuanzishie na pambano la mwisho kwa sababu tu ndilo lina majina makubwa. Mwekee lililofungua usiku wa pili wa WrestleMania 41: Iyo Sky, Bianca Belair na Rhea Ripley. Hakuna mgeni aliyeingia, hakuna mkanda wa kichwani, wanawake watatu tu wanapigana hadi Iyo anabaki na ubingwa wake. Dada zangu wa Mwaloni niliwawekea hilo kwenye simu wakati tunasubiri mitumbwi ya asubuhi, na tangu hapo wao ndio wananiuliza mieleka inayofuata ni saa ngapi.