SOMO: Jinsi ya kutengeneza filamu fupi ya advencha mkiwa wanafunzi, kuanzia kwenye karatasi mpaka kueksipoti

Wadau habari zenu. Nimekuwa nikisaidia vikundi vya wanafunzi kutengeneza muvi fupi na karibu kila kikundi kinataka advencha, yaani msitu, ramani, mtu anafukuzwa, kitu kimepotea, na mimi hilo nalipenda sana. Ila kuna kosa moja linajirudia kila mara na ndo limenifanya niandike. Kikundi cha kwanza nilichofanya nacho tulishuti stelingi (mhusika mkuu) anakimbia porini siku nzima, shoti nzuri kabisa, alafu tulipokaa kuwaonyesha wenzetu mmoja akauliza "mbona karudi, kasahau nini?" Hajarudi. Shoti ya kwanza alikuwa anakimbia kutoka kushoto kwenda kulia, inayofuata kutoka kulia kwenda kushoto, kwa macho ya mtazamaji huyo mtu kageuza. Sini ya kufukuzana ikafa pale pale na tulikuwa hatuna shoti nyingine ya kuiokoa.

Kwaiyo somo lote nimelijenga juu ya kitu kimoja: mtazamaji ajue muda wote mtu yuko wapi, anaelekea wapi, na hapo katikati kuna nini. Akijua hivyo, ata kijito cha kufika magotini kitamtia hofu. Asipojua, ata mkimpata mtu wa kuruka kutoka juu ya jabali ataona tu mtu karuka.

HATUA YA 1: STORI IINGIE KWENYE SENTENSI MOJA

Nani anataka nini, kabla ya muda gani, na nini kimemzuia. Basi. Mfano: dada anatakiwa avuke bonde ampelekee mdogo wake dawa ya pumu kabla jua halijazama, na daraja limevunjika. Hapo una mtu, una kitu mkononi kinachoonekana, una saa (jua lenyewe) na una kizuizi. Kama sentensi yenu inahitaji kuelezea ufalme wa kale na unabii na ndugu waliotengana, hiyo ni muvi ya masaa mawili, iwekeni kabatini.

Skripti ikipangwa kwa fomati ya kawaida ukurasa mmoja unakadiriwa dakika moja, ila kwenye advencha hesabu hiyo inadanganya, mstari mmoja tu wa "anavuka mto" unaweza kula dakika nzima na shoti kumi. Mkipewa dakika 5 andikeni kurasa 3 au 4. Na wahusika wawe wachache, wawili watatu, kila mtu unayemuongeza ni mtu wa kumsubiri afike, wa kumvalisha na wa kumkumbuka alikuwa amesimama wapi.

HATUA YA 2: MTEMBEE LOKESHENI NA MCHORE RAMANI

Hii ndo hatua watu wanairuka, na mimi nikiambiwa nibakize hatua moja nitabakiza hii. Nendeni mahali penyewe saa ile ile mtakayoshuti, muone jua linatokea upande gani, kuna kelele gani (mashine, barabara, watoto wanacheza), nani wa kuombwa ruhusa, na mtu akiumia njia ya kutoka ni ipi. Alafu kaeni chini mchore karatasi ya pori la kwenye muvi, sio pori halisi. Muvi inaweza kutumia vichaka vitatu tofauti ikavifanya bonde moja, ila kwenye karatasi lazima bonde liwe moja: nyumbani hapa kushoto, mto katikati, mgonjwa kule kulia. Mkishaamua hivyo, safari ya kwenda yote mtu anatembea kushoto kwenda kulia kwenye skrini, akirudi ndo anageuka. Anayemfukuza naye anatokea kushoto anaelekea kulia. Mkitaka wakutane uso kwa uso, mmoja anatokea huku mwingine kule. Ukilazimika kubadili mwelekeo katikati ya safari, onyesha mtu akikata kona ndani ya shoti yenyewe, au weka katikati shoti anayokuja moja kwa moja kwenye kamera, hiyo haina kushoto wala kulia na mtazamaji ataikubali.

Hiyo karatasi aishike mtu mmoja siku ya kushuti na kazi yake iwe kuiangalia hiyo tu.

HATUA YA 3: ORODHA YA SHOTI NA RATIBA

Kwa kila sini andikeni shoti, sio sini tu. Kwa uchache: shoti pana ya kuonyesha mahali, shoti ya kati ya mtu akifanya kitu, shoti ya karibu ya mikono au miguu au kile kitu, na shoti ya uso akiangalia. Hii ya uso watu wanaisahau kila siku. Miaka ya 1910 na 1920 huko Urusi, Lev Kuleshov alifanya jaribio la kuunganisha uso ule ule wa mwigizaji na picha tofauti, sahani ya chakula, jeneza, mwanamke, na watazamaji wakaona njaa, huzuni, mapenzi kwenye uso ambao haukubadilika. Kwenu nyie maana yake ni hii: uso wa stelingi anaangalia chini, kata, maji yanakwenda kasi, kata, uso tena. Hofu imeshaingia na hajagusa maji.

Ratiba pangeni kwa lokesheni, sio kwa mtiririko wa stori. Sini zote za mtoni siku moja, ata kama moja ni ya mwanzo na nyingine ya mwisho. Ndo maana kila mkimaliza sini pigeni picha ya nguo, nywele, tope liko mguu gani, begi liko bega gani. Mimi kwa wanaoanza napanga kurasa mbili kwa siku na sijawahi kuona muda unabaki.

HATUA YA 4: HATARI ITENGENEZWE NA KAMERA

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Hakuna shoti inayostahili mguu wa mtu. Msipande mahali ambapo mtu akianguka ataumia, msiingie maji msiyoyajua kina chake, msikimbie barabarani, msicheze na moto. Na wala hamna haja. Mteremko mdogo wa kawaida unakuwa jabali kali ukiilaza kamera upande kidogo na ukahakikisha hakuna mti, nguzo wala upeo wa macho unaoonekana wa kuumbua. Mtu amelala kwenye ardhi tambarare anashika jiwe, unamshuti kutoka juu, anakuwa ananing'inia. Mguu unateleza shoti ya karibu, vijiwe vinadondoka shoti nyingine, uso shoti ya tatu: mtu kaanguka na hakuna aliyeanguka. Kwenye kila siku ya kushuti awepo mtu mzima anayejua mko wapi, maji ya kunywa, na boksi la huduma ya kwanza.

HATUA YA 5: KUSHUTI

Simu inatosha kabisa. Ishike kwa ulalo, futa lenzi (kila mara, jasho la kidole linaleta ukungu), weka mode ya ndege ili simu isiite katikati ya kilio. Chagueni fremu (picha moja moja zinazounda video) 24 au 25 kwa sekunde na simu zote ziwe sawa. Kama programu ya kamera inakuruhusu, shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) iwe mara mbili ya fremu, yaani fremu 25 shata 1/50 ya sekunde, mwendo unaonekana wa kawaida machoni. Juani picha itaungua (itakuwa nyeupe mno) kwa shata hiyo kama hamna filta ya kupunguza mwanga, kwaiyo shutini kivulini au jua likiwa chini asubuhi na jioni, ambako picha ni nzuri zaidi ata hivyo. Funga fokasi na mwanga kwa kubonyeza skrini na kushikilia, la sivyo picha itakuwa inawaka na kufifia yenyewe mtu akipita chini ya miti.

Rekodi ianze sekunde 5 kabla ya tendo na iendelee sekunde 5 baada. Mwediti atakushukuru. Na tendo lirudieni zima kwenye kila ukubwa wa shoti, akivuka mto kwenye shoti pana avuke tena mto mzima kwenye shoti ya kati, sio kipande.

HATUA YA 6: SAUNDI

Mtazamaji atavumilia picha yenye giza, saundi mbovu havumilii. Maiki ya simu iliyo mbali mita tano inachukua upepo tu. Chukueni simu ya pili, irekodi sauti pekee, iwe karibu na mdomo nje ya fremu au mfukoni kifuani, iliyofunikwa na kitambaa cha manyoya kuzuia upepo. Mwanzo wa kila teki (kila mara mnaporekodi shoti) mtu apige makofi mara moja mbele ya kamera, mtaunganisha baadaye kwa kuoanisha mkono unapogusana na mlio. Alafu kabla hamjaondoka lokesheni yoyote wote mnyamaze, mrekodi sekunde 30 za mahali penyewe pakiwa kimya. Hizo ndo zitaziba mashimo kwenye kuediti.

Nyayo, begi kukwaruza kichaka, pumzi, tengenezeni baadaye chumbani. Majani makavu kwenye beseni, ukayakanyaga kwa mkono mbele ya simu, yanakuwa msitu mzima.

HATUA YA 7: KUEDITI

CapCut inafaa kwenye simu, kwenye kompyuta kuna DaVinci Resolve toleo la bure au Kdenlive kama mashine ni dhaifu. Kabla ya yote kopi mafaili sehemu mbili tofauti, ndo mfute kwenye simu.

Panga shoti zote kwa mtiririko bila mziki, bila rangi, bila manjonjo. Angalia mpaka mwisho. Itakuwa ndefu na ya kuchosha, ni kawaida. Sasa anza kukata, na ukate kwenye mwendo: mguu unapoinuka shoti pana, kata, unatua shoti ya karibu. Jicho linafuata mguu halioni kiungo. Acha sauti itangulie picha sehemu nyingine, mlio wa maji uanze mtu akiwa bado porini, mtazamaji ataanza kuwaza kabla hajaona. Na usikate haraka haraka muda wote, kwanza mpe shoti pana ajue mto una upana gani, ndo uanze kukata fupi fupi.

Mziki unaingia mwisho kabisa. Sini ikiwa haisisimui bila mziki, shida ipo kwenye shoti. Kwenye kipimo cha sauti cha programu, maneno yabaki kati ya -12 na -6 dB na kitu chochote kisiguse 0.

HATUA YA 8: kueksipoti, yaani kutoa muvi iwe faili moja. Kwenye mipangilio chagua ukubwa wa picha 1080p, aina ya video H.264, kiasi cha data Mbps 10 hadi 16, fremu zile zile mlizoshutia. Angalia faili lote kwenye skrini nyingine kabla ya kukabidhi.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu somo limeshiba. Sisi tuna simu mbili za kampuni tofauti na rangi hazifanani kabisa, moja njano moja bluu, tufanyaje?

Jibu: Fungeni waiti balansi (mpangilio wa kamera unaoamua picha iwe ya njano au ya bluu, unapimwa kwa K) kwenye simu zote mbili, namba moja, mchana nje jaribuni 5600 K. Zikikataa, igawieni kila simu kazi yake, moja ishuti sini za mtoni zote na nyingine za nyumbani, tofauti itaonekana kama mahali tofauti. Msizichanganye ndani ya sini moja.

Swali: Tuna sini ya usiku msituni ila hatuna taa na wazazi hawaturuhusu kutoka usiku.

Jibu: Wazazi wako sahihi. Shutini mchana. Jua liwe nyuma ya mwigizaji limuwakie mabega, punguza mwanga wa kamera, waiti balansi shusha hadi kama 3200 K picha iwe ya bluu, na anga lisionekane ata kidogo maana anga jeupe linafichua kila kitu. Kwenye kuediti punguza rangi, weka sauti ya wadudu. Wadudu wanafanya nusu ya kazi.

Swali: Mbona mtu wetu akikimbia anaonekana anatembea? Anakimbia kweli jamani, anatoka jasho.

Jibu: Nadhani mmemzumu akija kwenye kamera kutoka mbali. Zumu inabana umbali, anakimbia lakini hakaribii. Tumieni lenzi pana, kamera chini, apite karibu kabisa. Au apite pembeni huku vichaka vikiwa kati yake na kamera, vile vichaka vinavyopita ndo vinaleta spidi. Ile zumu itunzeni kwa anayemfukuza, itamleta mgongoni kwa stelingi wakati wameachana mita kumi.

Swali: Saundi mwanzoni inaenda na mdomo ila ikifika katikati imeachana. Nimerudia mara tatu nakaribia kulia.

Jibu: Pole sana. Mara nyingi ni simu inayorekodi fremu zisizo thabiti, inapandisha na kushusha yenyewe. Pitisha klipu kwenye HandBrake (programu ya bure ya kompyuta ya kubadili mafaili ya video), chagua fremu thabiti za 25, ndo uingize upya kwenye programu ya kuediti.

Swali: Mimi ndo dairekta lakini kila mtu anatoa amri, tunabishana mpaka jua linazama.

Jibu: Dada, mabishano yapewe siku yake, siku ya kuchora ramani. Pale kila mtu aseme mpaka amalize. Siku ya kushuti mwenye wazo anakuja kukunong'oneza wewe, sio kumwambia mwigizaji. Na wewe ukisikia wazo zuri lichukue na useme limetoka kwa nani, watatulia.

Swali: Mziki wa kwenye intaneti ulioandikwa Creative Commons naweza kutumia wowote?

Jibu: Creative Commons ni leseni ambayo mtunzi anaruhusu kazi yake itumike kwa masharti, na masharti yameandikwa kwa herufi. Soma herufi zake. CC0 tumia tu. BY lazima umtaje mtunzi mwishoni mwa muvi. NC usiingize pesa nao. ND achana nao, maana kuuweka chini ya picha kunahesabika kuwa umeubadilisha.

Swali: Tulichukua ile stori yako ya dawa, sasa stelingi wetu kahama shule na tumebakiza sini mbili, ile ya kuvuka na ya mwisho. Tuanze upya?

Jibu: Hapana, msitupe kazi. Mna koti lake au begi lake? Mvalisheni mwenzake wa kimo hicho hicho, kuvuka mshutini kutoka nyuma na miguuni. Nyuso za kuangalia maji tafuteni kwenye zile sekunde 5 za kabla na baada ya kila teki, mtashangaa ziko ngapi. Sini ya mwisho ibadilisheni iwe upande wa mdogo mtu: yupo kitandani, anasikia mlango, anageuza uso, tunaona mkono unaweka dawa mezani. Ukiniuliza mimi ningeimalizia hivyo ata kama stelingi angekuwepo.