Jinsi ya kuanza Super Smash Bros. Ultimate ukijua inapokupa raha na inapokuangusha

Kama umepata Switch, ile mashine ya gemu ya Nintendo, iwe ya zamani au Switch 2 (gemu inacheza kote kote), na watu wamekwambia uchukue Super Smash Bros. Ultimate, soma hapa kwanza, maana hii gemu ina raha kubwa sana ila raha yenyewe haipo kila kona. Ukiingilia mlango mbaya unaweza ukaitupa baada ya wiki ukidhani ni gemu ya kubonyeza batani hovyo, na kiukweli inaniuma nikiona mtu anaiacha hivyo, kwa sababu ndani yake kuna moja ya gemu za kupigana zenye kina kuliko zote nilizowahi kushika.

Tuanze na yenyewe ni nini. Ilitoka tarehe 7 Desemba 2018, mkuu wake ni Masahiro Sakurai, na wazo lake ni kukusanya karakta wa gemu tofauti kabisa wapigane jukwaa moja. Mario na Sonic ambao zamani walikuwa mahasimu wa biashara wanakunjana hapo, Pikachu anamchapa Snake wa Metal Gear, Cloud wa Final Fantasy anakutana na Pac-Man. Na kila karakta aliyewahi kuonekana kwenye Smash yoyote tangu ile ya kwanza ya 1999 yumo, hawakumwacha hata mmoja. Ukijumlisha na wale wa kununua wanafika 89. Hiyo ndiyo nguvu yake kubwa namba moja, na udhaifu kadhaa nao unatokea hapo hapo, tutafika.

Sasa jambo la kuelewa kabla hujagusa chochote: humu hakuna mstari wa damu unaoisha. Ukipigwa asilimia yako inapanda, na kadiri inavyopanda ndivyo unavyorushwa mbali, ukivuka mpaka wa skrini, juu au chini au pembeni, umepoteza laifu. Kwa hiyo mtu mwenye asilimia 150 bado anaweza kushinda kama anajua kurudi jukwaani, na mtu mwenye 40 anaweza kufa akifukuzwa nje vizuri. Wengi waliozoea Tekken au Mortal Kombat wanakwama hapa, wanahesabu mapigo tu, wakati mechi inaamuliwa pale ukingoni.

Hatua ya kwanza kabisa ni setingi, usiziruke. Nenda kwenye kontrol, tengeneza jina lako (setingi zinakaa kwenye jina, sio kwenye pedi), halafu zima ile ya kuruka kwa kusukuma stiki juu. Ikibaki imewashwa utakuwa unaruka bila kutaka kila ukijaribu kupiga juu, na ukiwa nje ya jukwaa unaweza kumaliza mruko wako wa pili bure na hapo ndio kwaheri. Pili, stiki ya kulia inakuja ikiwa imewekwa mapigo mazito, mimi nashauri ibadilishe iwe mapigo mepesi, kwa sababu mapigo mepesi ndiyo utakayoyatumia muda wote na yale mazito unaweza kuyatoa kwa stiki ya kushoto na A. Tatu, X na Y zote ni kuruka, ziache hivyo hivyo, ukizibonyeza kwa pamoja unapata mruko mfupi kila mara bila kuhangaika na vidole. Huo mruko mfupi ndio mkate wa kila siku wa gemu hii, ukiruka juu sana kila saa watu watakusubiri chini.

Pedi yoyote inafaa kuanzia. Hata ile Joy-Con moja moja ya kulala inatosha kwa watu wawili kuanza kucheza leo leo, japo haina stiki ya pili. Ukipata Pro Controller nzuri zaidi, na wazee wa Melee (Smash ya zamani ya GameCube) wanachomeka pedi za GameCube kwa adapta mpaka leo.

Kufungua karakta: unaanza na nane tu, wale wale wanane wa mwanzo wa 1999, yaani Mario, Donkey Kong, Link, Samus, Yoshi, Kirby, Fox na Pikachu. Usikate tamaa na hilo. Njia ya haraka ni kucheza Classic, ile ya mechi mfululizo dhidi ya kompyuta, kila ukiimaliza anatokea mtu wa kupigana naye ukimshinda ni wako, na ukicheza mechi za kawaida pia wanatokea kila baada ya muda. Akikushinda hajapotea, kuna sehemu ya kumrudia kwenye menyu. World of Light, ile ya hadithi, nayo inafungua lakini ni ndefu mno na inajirudiarudia, unapigana na roho (Spirits, yaani karakta wa gemu mbalimbali kwa sura ya picha) moja baada ya nyingine kwenye ramani kubwa, na zile sanamu nzuri za Smash za nyuma zimeondolewa, zimebaki picha tu za hizo roho. Kwangu huo ni upungufu wa kweli. Icheze kidogo kidogo ukiwa peke yako, usiifanye ndio gemu yenyewe.

Kuchagua karakta ndipo watu wanapopotea kwa sababu wapo wengi. Ushauri wangu: chukua mmoja, kaa naye. Mario ni mwalimu mzuri, ana kila kitu kwa kiasi. Kirby ana miruko mingi kwa hiyo makosa ya kurudi jukwaani anakusamehe, ila ni mwepesi, anaruka mbali akigongwa. Ganondorf atakuvutia kwa sababu ngumi yake moja inatoa mtu, lakini ni mzito wa miguu na kurudi kwake kubovu, mtu anayejua atakumaliza nje kila mara. Little Mac yuko moto akiwa chini, ukimnyanyua tu angani hana kitu. Pichu anajiumiza mwenyewe kila akitumia umeme wake. Ness akitaka kurudi lazima ajipige na ule umeme wake unaozunguka, mtu akijiweka katikati akauzuia, Ness ameanguka. Kazuya na Ryu wana zile komandi za gemu zao za asili, kwa hiyo kama umetoka Tekken au Street Fighter unaweza kujisikia nyumbani, kama hujatoka huko waache kwanza. Unaona? Kila mmoja ana shimo lake, na nusu ya kuwa mzuri kwenye hii gemu ni kujua mashimo ya wenzako.

Haya, sasa kupigana kwenyewe. Pembetatu ni hii: pigo linamshinda anayetaka kukamata, ngao inashinda pigo, kukamata kunashinda ngao. Ukiona rafiki yako kila saa amejifunika ngao usiendelee kumgonga, mkamate umrushe. Na ngao yenyewe inapungua ukiishikilia, ikivunjika unasimama umelewa na yeye ana muda wa kukuchajia pigo zito akiwa anatabasamu. Kuna ngao kamili, hiyo unaipata kwa KUACHIA batani pigo linapofika, sio kwa kuibonyeza, nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu watu wengi wanafanya kinyume. Kukwepa kwa kubingirika usikuzoee, gemu inahesabu, ukirudia rudia kunakuwa kuzito na kinga yake inapungua, halafu mwenzako naye anajua utabingirikia wapi.

Kitu ambacho kitakuongezea maisha kuliko kombo yoyote ni kuongoza stiki ukirushwa. Chukua mfano huu, uko asilimia 110, upo karibu na ukingo wa kulia, umeingia kwenye pigo zito la Ike, karakta wa panga kubwa, na unatupwa kulia kwa mshazari kwenda juu. Watu wengi wanaiachia stiki au wanaisukuma upande ule ule wanaotupwa, wanakufa. Wewe papo hapo vuta stiki kushoto, kuelekea katikati ya jukwaa, na ule mstari wako unapinda kwenda kwenye kona ya juu ya skrini ambako ni mbali zaidi kufika, mara nyingi unabaki hai. Ukirushwa juu wima, shika pembeni upande wowote. Ni sehemu ndogo ya sekunde, inabidi kidole kizoee chenyewe. Kwa hiyo fungua Training, kuna steji yenye gridi na mistari inayoonyesha mtu atafika wapi kwa asilimia fulani, unaweza pia kupunguza spidi, kaa pale uone kwa macho mstari unavyopinda.

Ukitupwa nje usiwe na haraka. Mruko wa pili utunze, pigo lako la B na juu ndilo la mwisho kabisa, ukilitumia mapema umeisha. Lenga ukingo, ukiushika una kinga kidogo, ila ukiuachia na kuushika tena bila kutua, kinga hiyo haipo. Na kutoka ukingoni una njia tano: kupanda kawaida, kubingirika, kupanda na pigo, kuruka, au kujiachia chini. Mtu anayechagua ile ile kila mara ni chakula. Mwenzako akiwa ndiye anayening'inia, wewe usimrukie, simama hatua kadhaa nyuma, angalia mara tatu anapenda ipi, ya nne uwe umeshafika pale.

Mechi za wawili za kujifunzia weka laifu tatu, dakika saba, vitu (silaha na mabomu yanayodondoka jukwaani) vizimwe, na hatari za steji zizimwe. Steji zipo zaidi ya 100 na hilo ni jambo la ajabu kwa kweli, halafu kila moja unaweza kuigeuza iwe na umbo la Battlefield (lenye vijukwaa vitatu vya juu) au jukwaa moja bapa, kwa hiyo mnapata muziki na mandhari mnayopenda bila lava kuwaharibia mechi. Nyimbo zenyewe ni zaidi ya 800, mimi ningeilipia hata kwa muziki peke yake.

Sasa mtandaoni. Hapa sitaficha, ndio udhaifu mkubwa wa gemu hii na ndio unaofukuzisha watu. Mechi inaunganisha Switch yako moja kwa moja na ya mwenzako, na mfumo wake unachelewesha batani zako zisubiri za mwenzako, haina ule mfumo wa kisasa wa kukisia na kurudisha nyuma ambao gemu nyingi za kupigana za sasa zinao. Maana yake umbali unakuumiza: ukiwa Dar au Nairobi ukapewa mtu aliyepo Ulaya, unabonyeza ngao, inatokea baadaye, na ile ngao kamili niliyoielezea juu sahau. Juu ya hapo ukiingia kwenye mechi za haraka sheria ulizochagua ni ombi tu, unaweza kuomba mechi bila vitu ukatupwa kwenye fujo lenye mabomu. Na ile namba ya GSP inayokwambia umewazidi watu wangapi, usiipe moyo wako, inapanda na kushuka kwa mechi hizo hizo zenye lagi.

Cha kufanya: tumia waya. Switch ya OLED ina tundu la LAN kwenye doki, ile ya kwanza inahitaji adapta ya USB. Hotspoti ya simu iwe suluhisho la mwisho kabisa. Halafu badala ya mechi za haraka fungua Arena, yaani chumba chenu wenyewe cha mtandaoni, weka paswedi, ita watu wa mji wenu au nchi jirani, sheria zinakaa mlivyoziweka na umbali ni mfupi. Malipo ya Nintendo Switch Online lazima kwa hayo yote, wakati kucheza chumba kimoja hulipi kitu, mnakaa mpaka wanane kwenye skrini moja.

Na hapo chumbani ndipo hii gemu inapokuwa yenyewe. Kuna aina za mechi kama Smashdown kwa mfano, karakta akishatumika hawezi kuchaguliwa tena, kwa hiyo yule jamaa wenu anayejua mmoja tu anabanwa acheze wengine, na nyinyi mnawajua karakta wote bila kuhisi mnasoma. Squad Strike kila mtu ana timu ya watatu au watano. Akija mgeni ambaye hajawahi kushika, weka handikapu nyinyi wazoefu muanze na asilimia zenu tayari, washeni vitu, mpeni Kirby.

Mwisho, kuhusu wale wa kununua. Piranha Plant anauzwa peke yake na kuna pasi mbili, yaani vifurushi vya karakta, ya kwanza watu watano ya pili sita, na wa mwisho kuja alikuwa Sora Oktoba 2021. Usinunue zote siku ya kwanza, hao wa ndani wanatosha miezi mingi. Ila ujue kwamba Steve wa Minecraft na Kazuya wako juu sana kwa nguvu, Steve alifikia kupigwa marufuku kwenye mashindano kadhaa, na marekebisho ya mwisho ya nguvu za karakta yalitoka Desemba 2021, kwa hiyo walivyo ndivyo walivyobaki. Mkicheza nyumbani kubalianeni mapema kama Steve anaruhusiwa, kabla mtu hajaanza kuchimba chuma.