Kuoka bata mzinga mzima nyumbani bila kumkausha

Kidari cha bata mzinga huiva mapema kuliko paja, na hakina mafuta ya kukiokoa kikipitiliza. Kazi yote ya kuoka ndege mzima ni kuliivisha paja kabla kidari hakijakauka. Ndiyo maana sipendi kuona watu wakimpika kama kuku mkubwa.

Kumchagua. Sikukuu zikikaribia, wauzaji humsifia dume kwa umbo lake. Kwa oveni ya jiko la nyumbani, chukua jike. Akishanyonyolewa hubaki na kilo 4 au 5 hivi, na nyama yake ni laini. Dume aliyezeeka ni wa kuchemsha. Kabla hujalipa, pima oveni yako kwa futikamba: ndege asiguse kuta wala dari.

Siku mbili kabla. Kama unachinja mwenyewe, chinja sasa. Nyama hukakamaa saa chache baada ya kuchinjwa, na ukiioka katika hali hiyo itakushinda kutafuna. Maji ya kunyonyolea yawe ya moto sana lakini yasitokote, kwani yanayotokota huivisha ngozi ikachanika. Toa kifuko cha chakula kilichopo shingoni, angalia nyongo isipasuke, na uweke kando shingo na firigisi.

Aliyeganda anza naye mapema zaidi: myeyushe kwenye friji, rafu ya chini, juu ya trei. Kadiria siku nzima kwa kila kilo 2. Kumwacha mezani usiku kucha, hasa kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa, ni hatari. Wa dukani aliyekwisha kusafishwa hana haja ya kuoshwa tena: maji hurusha vimelea kwenye sinki na vyombo. Mpanguse tu kwa taulo za karatasi.

Chumvi, siku moja kabla. Hapa ndipo ladha inapopatikana, na ndipo watu wengi wanaporuka. Chukua chumvi ya kawaida, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwa kila kilo ya ndege, changanya na pilipili manga, kisha msugue ndani na nje. Penyeza vidole polepole kati ya ngozi na kidari, upake na huko. Mrudishe kwenye friji bila kumfunika. Mwanzoni chumvi huvuta maji nje; baadaye huyeyuka ndani ya maji hayo na kurudi nayo ndani ya nyama, ambayo sasa inashika unyevu vizuri zaidi motoni. Ngozi nayo inakauka, na ngozi kavu ndiyo inayogeuka kahawia na kuwa karakara. Soma lebo kwanza: ndege wengi walioganda wameshadungwa maji ya chumvi kiwandani, na hao hawahitaji tena.

Siku ya kuoka. Ponda siagi gramu 100 na kitunguu saumu, tangawizi na maganda ya limau yaliyokwaruzwa. Yote iende chini ya ngozi, kwa sababu saumu ikikaa juu huungua. Tumboni weka kitunguu na limau lililokatwa, basi. Wali au mkate ulioshindiliwa humo huchelewesha joto, na utaiva mwisho wakati kidari kimeshaharibika.

Kunja ncha za mabawa chini ya mgongo. Tandaza vitunguu na karoti kwenye trei, mimina vikombe 2 vya maji, mlaze ndege juu yake kidari kikiwa juu. Oveni iwe imeshafika nyuzi 165 za Selsiasi. Funika kidari kwa foili. Kama ni ndege aliyefugwa akizurura, funika trei nzima kwa saa moja na nusu ya mwanzo ili mvuke uilainishe nyama. Kadiria dakika 30 hadi 35 kwa kila kilo. Dakika 45 za mwisho ondoa foili. Oveni za gesi mara nyingi huwa kali zaidi upande wa nyuma, kwa hiyo geuza trei katikati ya safari. Usifungue mlango kila mara kummwagia mchuzi; unapoteza joto na kulowesha ngozi uliyoikausha usiku kucha.

Muda ni wa kukadiria tu. Mwamuzi ni kipimajoto cha nyama, na nakusihi ununue kimoja. Kichome sehemu nene ya paja bila kugusa mfupa. Nyuzi 74 ni kiwango cha usalama kwa ndege mzima. Paja mimi hulifikisha 80 ili mishipa ilainike. Kidari kikitangulia, kirudishie foili, mikunjo miwili.

Baada ya oveni. Mwache apumzike dakika 30 hadi 40. Ukimkata papo hapo, maji yote yatamwagika kwenye ubao. Wakati huo tengeneza mchuzi: engua mafuta kwenye trei, kaanga vijiko 2 vya unga wa ngano katika mafuta kidogo, ongeza maji ya trei na supu uliyochemsha kwa shingo na firigisi, malizia kwa ndimu.

Tenganisha mapaja kwanza. Kisha toa kidari kizima kutoka kwenye mfupa na ukikate vipande kwa kukingama na nyuzi za nyama. Kinachobaki kiingie kwenye friji ndani ya saa mbili, na mifupa uibandike jioni hiyohiyo kwa supu ya kesho.