Kuipima Daraja Sarafu ya Kale: Usiitie Ndimu

Pesa za shaba za Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, zile zenye mizani na mwaka 1299 (1882 Miladia), bado zinatoka kwenye vibweta vya Mji Mkongwe na vya mashamba ya Pemba. Wanaoniletea hapa Mkunazini huanza na bei. Mimi huanza na suali: imesuguliwa? Jibu likiwa ndiyo, mengi yameshaamuliwa.

Nyumba zetu hung'arisha shaba kwa ndimu na majivu, au ukwaju. Kwa sinia ni sawa. Kwa sarafu, tindikali inakula ngozi ya juu na majivu yanaacha michirizi myembamba inayokwenda upande mmoja. Wapimaji wa kulipwa huiona michirizi hiyo mara moja, na sarafu kama hiyo hawaipi namba ya daraja. Huandika tu imechakaa kiasi gani, na kwamba imesafishwa. Rangi ya kahawia iliyotulia, iliyokuja yenyewe kwa miaka, ndiyo inayotakiwa. Nakusihi, iache.

Namba zenyewe zinakwenda 1 mpaka 70. Mwanzo wake ni William Sheldon, aliyezipanga mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za Marekani. Leo kampuni za upimaji za huko, PCGS iliyoanza 1986 na NGC iliyoanza 1987, huzitumia kwa sarafu za dunia nzima, kisha hufunga kila sarafu ndani ya kasha gumu la plastiki. Namba 1 ni sarafu ambayo unaweza kuitambua tu. Kwenye 4 umebaki muhtasari wa picha. 12 imelika sana lakini sehemu kubwa ya picha inasomeka. 40 na 45 zimelika kidogo. Kati ya 50 na 58 zimeguswa sehemu zilizoinuka tu. Kuanzia 60 ni sarafu ambayo haijatumika, na hapo ugomvi wote ni juu ya vidonda vidogo vya kugongana na wenzake, mng'ao, na nguvu ya chapa, yaani iligongwa kwa nguvu kiasi gani.

Kazi ngumu ni kutofautisha kulika na chapa dhaifu. Funga madirisha, washa taa moja, tandika kitambaa laini mezani. Shika sarafu kwa ukingo, usiguse uso. Iinamishe polepole, uizungushe chini ya taa, huku ukitazama sehemu zilizoinuka kwanza. Reale ya Sham, ile ya fedha yenye picha ya Maria Theresa, malkia wa Austria, itazame nywele juu ya sikio na bega, kisha igeuze utazame kifua cha tai. Palipolika, mwanga unakatika: pamekuwa laini na rangi yake imebadilika. Chapa ikiwa dhaifu, picha haikutimia, lakini mng'ao unapita juu yake bila kukatika. Hili halifahamiki kwa kusoma. Tafuta sarafu mbili za aina moja, moja nzima na moja iliyochoka, uziinamishe pamoja chini ya taa ile ile mpaka jicho lizoee. Lenzi ya kukuza mara tano inatosha. Ndiyo nguvu ambayo kwayo sarafu ya 70 inatakiwa isionekane dosari.

Reale hiyo usiitathmini kwa mwaka wake. Karibu zote zimeandikwa 1780, hata zilizogongwa miaka mingi baada ya malkia kufa. Ipime kwa mizani ya sonara: uzito wake halali ni karibu gramu 28.07. Na ikiwa imetobolewa, au ina kikuku kilichochomelewa kwa ajili ya mkufu, nayo haitapata namba. Usikivunje kikuku, kovu litabaki pale pale. Mimi reale za namna hiyo nazipenda kuliko zilizokaa kwenye makasha, maana zimevaliwa na bibi zetu, na ningeziweka pamoja na mkufu wake.

Unyevu wa masika na chumvi ya bahari ndio maadui wa kila siku. Vifuko vya plastiki laini viepuke, vinatoa ute wa kijani unaokula shaba. Tumia karatasi isiyo na asidi au kasha gumu, na utie vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Kuhusu kupeleka sarafu nje kupimwa: pesa ya Barghash iliyolika usiipeleke, gharama itaizidi thamani. Reale ya fedha ya Barghash ya 1299, au senti 10 na 20 za Sayyid Ali bin Hamud za 1908 zenye mnazi, hizo zinastahili. Kabla hujaifunga, ipige picha pande zote mbili, andika uzito na kipenyo, na uandike imetoka kwa nani na nyumba gani.