Ukijenga R2-D2, ijaribu kwanza magurudumu yakiwa hewani

Kwa mnaojijengea R2-D2 ya ukubwa halisi, ile roboti ya filamu ya Star Wars ya 1977: tafadhali msiishushe sakafuni kabla hamjajua itafanya nini mawimbi ya rimoti yakikatika. Kimo chake ni kama mita 1.1 tu, lakini ukishaweka fremu ya alumini, mota za miguuni na betri, inakuwa mzigo wa kumwangusha mtu mzima, sembuse mtoto aliyekuja kuikumbatia.

Iegemeze juu ya vipande vya mbao, magurudumu yasiguse chini. Sukuma kijiti cha rimoti mbele, mota zikikolea zima rimoti ghafla. Zinatakiwa zisimame papo hapo. Zikiendelea kuzunguka, ujue risiva, yaani kipokezi cha mawimbi ya rimoti kilichomo ndani ya roboti, inashikilia amri ya mwisho iliyopokea. Ingia kwenye mipangilio yake, iamuru isimamishe mota mawimbi yakipotea, kisha rudia jaribio. Jaribu pia kuwasha roboti wakati rimoti imezimwa. Isitikisike hata kidogo.

Swichi kubwa ya kukata umeme iwe mahali mkono unafika bila kufungua kifuniko chochote, na fyuzi ikae karibu kabisa na betri. Betri zenyewe ziweke chini kadiri inavyowezekana, maana roboti yenye kichwa kizito hupinduka ikisimama ghafla.

Rangi yake ya buluu inaweza kusubiri. Najua inavyovuta, lakini isubiri.